Hoja ya Mchungaji Imeanguka

Maneno haya niliyasema chini ya mwembe wa kanisa letu, huku bara ya Malindi, siku tulipomuaga mchungaji wetu anayestaafu. Nimeyaandika kwa sababu waliokaa nyuma walilalamika kwamba kipaza sauti kilikuwa kinakatikakatika, na kwa ajili ya wale walioko Mombasa na Nairobi ambao hawakupata ruhusa kazini. Jina lake silitaji. Mwenyewe kaomba hivyo, na anayemjua anamjua.

Mchungaji, Mama Mchungaji, mashemasi, washirika wa hapa na wa makanisa jirani, chifu wetu, nanyi jirani zetu mliotoka Mambrui, kule ufukweni, alfajiri: Bwana asifiwe. Na kwa jirani zetu, asalaam aleikum.

Nimepewa dakika 20 za kueleza maisha na utumishi wa mzee huyu. Jana jioni tulipokuwa tunapanga viti alinivuta kando akaniambia, "Mwalimu, usisahau mimi nilikuwa mgema." Wapwani hatuhitaji kumaliziwa. Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Basi sitamsifu sana. Nitasema niliyoyaona, na baadhi ya hayo ni mambo aliyoshindwa, maana kwa maoni yangu ni humo nilimomjua vizuri zaidi.

Alikuwa mgema kweli. Kabla hajashika Biblia alishika kotama, kisu cha kugemea. Alikwea minazi isiyokuwa yake, asubuhi na jioni, akikata ncha ya karara kidogo kidogo ili tembo lizidi kudondoka kibuyuni, na alichopata akagawana na mwenye shamba. Hata leo mtazameni anavyopanda jukwaani: huanza na mguu wa kushoto, na mkono wa kulia unatafuta kitu cha kukumbatia. Jukwaa letu lina vidato viwili tu, lakini miguu ya mgema haisahau.

Wageni huuliza Wabaptisti walifikaje huku porini. Ukristo wenyewe si mgeni Malindi. Vasco da Gama alitia nanga hapa mwaka 1498, na nguzo yake mnaiona pale ufukweni. Mwaka 1542 akapita mmisionari Francis Xavier akielekea Uhindi. Lakini hayo yalikuwa ya watu wa merikebu. Huku bara hatukuachiwa kitu. Mmisionari Krapf, aliyetumwa na Waanglikana, alifika Mombasa mwaka 1844, akamzika mkewe mwaka huohuo, kisha akapanda Rabai, na kwa njia hiyo Waanglikana wakatutangulia kwa zaidi ya miaka 100. Sisi ni wa juzi. Wamisionari wa Kibaptisti kutoka Marekani walianza kazi Afrika Mashariki mwaka 1956. Mzee huyu ametumika hapa miaka 38. Pigeni hesabu wenyewe: zaidi ya nusu ya umri wa Wabaptisti wa nchi hii umepita yeye akiwa amesimama pale. Alipoanza hakuwa na mchungaji mzee wa kumwendea usiku akamwuliza, "Hili nilifanyeje?" Masomo aliyapata kwa vipande, siku chache za kila mwezi huko mjini, kisha kitabu kikaja naye nyumbani akakisoma kwa koroboi. Shule yenyewe aliiachia darasa la nne.

Kuna jambo la Kibaptisti sina budi kulieleza, la sivyo mengine hayataeleweka. Hatuna askofu. Hakuna mtu mjini anayetuletea mchungaji wala wa kumhamisha. Washirika wa kanisa la mahali hukaa kikao wakamwita wanayemtaka, na katika kikao hicho kila aliyebatizwa ana mkono mmoja wa kunyoosha. Mchungaji mmoja. Hawe anayeuza mchicha, ndivyo tunavyomwita bibi huku kwetu, naye mmoja. Mtoto wa kidato cha pili naye mmoja. Utaratibu huu una adha zake. Nimewahi kukaa kikao cha saa nne kuhusu rangi ya mlango, na mlango wenyewe ukaliwa na mchwa kabla rangi haijanunuliwa.

Tuanze na maji.

Mbaptisti humbatiza mtu aliyeamini mwenyewe, na humzamisha mwili mzima. Kwa mtu wa mjini ni maneno mepesi. Huku kwetu mama anaamka saa kumi ya usiku kufuata mtungi mmoja wa lita 20. Mwaka wake wa kwanza mchungaji alikuwa na watu 9 wanaosubiri kubatizwa, na lambo limebaki tope la kuzama ng'ombe. Shemasi mmoja akasema tunyunyize tu kama jirani zetu, Mungu anaona hali. Mwingine akasema tulete boza la maji, tuchimbe shimo, tutandike turubai. Mchungaji akauliza bei ya boza. Akaambiwa. Akanyamaza, kisha akasema, "Siwezi kumzamisha mtu kwenye maji ambayo mtoto wa jirani angeyanywa."

Mtasema Mto Sabaki upo. Upo, na mamba wamo. Mzee hakutaka mshirika wake apelekwe mbinguni siku ileile ya kubatizwa.

Ndipo akashuka Mambrui. Akamtafuta nahodha mmoja, Muislamu, yule pale mbele mwenye kofia nyeupe, akamwuliza bahari hutulia lini. Sisi watu wa bara bahari tunaiona tu, hatuijui. Nahodha akamketisha kwenye mashua iliyopindukia akamfundisha kama mtoto. Kusi ikivuma, kuanzia Aprili mpaka Septemba, usilete watu wasiojua kuogelea. Ngoja kaskazi. Na hata katika kaskazi usije siku za bamvua, maji hupwa mbali na yakirudi yanarudi kwa kishindo. Njoo maji mafu, mwezi ukiwa nusu.

Toka siku hiyo ubatizo wetu ni Januari, mwezi ukiwa nusu. Kanisa la Kibaptisti linalongoja nusu ya mwezi na upepo wa kaskazi. Sijui kama kuna chuo cha wachungaji kinachofundisha hivyo. Mwaka uliofuata nilikuwa mmoja wa waliopakiwa kwenye lori la mchanga, tumesimama, tumeshikana mabega, tunaimba mpaka sauti zimekauka kabla hata ya kufika daraja la Sabaki. Nilikuwa na miaka 14. Nakumbuka mkono wake mgongoni mwangu, mgumu kama gome, na mkono wa pili ukinibana pua kwa leso. Chumvi ikaniingia machoni. Nilipoinuka niliona, kupitia ule ukungu wa chumvi, nahodha amekaa ukingoni mwa mashua yake, kidole kinakwenda huku na huku. Baada ya miaka mingi nikamwuliza siku ile alikuwa anafanya nini. Akanijibu, "Nilikuwa nahesabu wanaoingia na wanaotoka. Nilimwahidi mchungaji wako watakuwa sawa."

Sasa kisa cha mnazi, yaani tembo lenyewe. Vijana mmekisikia, lakini mmekisikia vibaya.

Mchungaji alipookoka aliacha kugema, na kwa kuwa yeye aliweza, alidhani kila mtu ataweza. Mwaka wake wa tatu alileta hoja kikaoni: mshirika anayegema au kuuza mnazi aondolewe katika ushirika mpaka atakapoacha. Msimwone katili. Alikuwa amezika wanaume waliokufa vichakani wakitoka vilabuni, na alikuwa amewapokea wake zao usiku na watoto mgongoni. Alieleza kwa machozi. Nje kulikuwa na jua kali, ndani kimya. Baba yangu alikuwa benchi la nyuma, kofia mapajani. Mimi ni mtoto wa mgema, kama hamkujua. Sare yangu ya shule ilishuka kutoka juu ya mnazi.

Hapo akasimama hawe mmoja, mjane, muuza mchicha, hajui kusoma wala kuandika. Alisema kwa Kigiriama, nami nakumbuka karibu kila neno:

"Mchungaji, nyumba hii imeezekwa makuti. Makuti yametoka mti gani? Mabenchi yamenunuliwa kwa sadaka. Sadaka imetoka wapi? Watoto hawa karo yao inalipwa na nani? Ukimtoa mgema, utoe na benchi alilolinunua."

Akakaa. Watu hawajapumua, akasimama tena, kumbe kuna jambo alilisahau. "Na posa za binti zako tutazileta na nini, soda?"

Kanisa likaangua kicheko, na mchungaji akacheka pamoja nao, machozi yake bado yako shavuni. Anayejua harusi ya Kigiriama anajua kwa nini. Bila kibuyu mbele ya wazee hakuna neno linaloanza.

Niseme ukweli wangu. Sikubaliani na hawe kwa kila jambo. Mnazi umeharibu nyumba nyingi katika kijiji hiki, na baba yangu mwenyewe alikufa kwa ugonjwa wa ini; siwezi kuuimbia. Siku ile nilikuwa na mkono wangu mmoja, mwaka mmoja na nusu tangu nibatizwe, na sikuunyoosha upande wowote. Nilitazama chini. Nimewafundisha watoto wa watu kwa miaka mingi kuhusu ujasiri, na kila nikilifundisha somo hilo naiona sakafu ile ya udongo.

Kura zikahesabiwa. Walioiunga mkono hoja 23. Walioikataa 31.

Sasa fikirini. Alikuwa kijana, ana sauti, tunamheshimu. Angesema ameoteshwa. Angesema anayempinga mtumishi anampinga Aliyemtuma. Tungemfuata, nawaambia kweli, na wale 31 wangeinamisha vichwa. Alichofanya ni kufungua kifuniko cha kalamu kwa meno na kuvuta daftari. Nimelileta, hili hapa. Ni daftari la shule la kurasa 96, limeshikizwa kwa uzi wa mkonge, jalada limekatika pembe. Hati ni yake. Nasoma: "Hoja ya mchungaji imeanguka, 23 kwa 31. Kikao kimefungwa kwa sala." Na mbele ya neno sala ameandika jina la aliyemwomba aongoze sala hiyo. Ni jina la baba yangu.

Baba hakuwahi kusali mbele ya watu kabla ya siku ile. Aliomba maneno mafupi sana, akaomba mvua, akasahau kusema amina, sote tukangoja.

Hakuacha kuukemea ulevi, hilo mnalijua nyote mliokemewa. Lakini hakumgusa tena mgema. Aliwasaidia wawili kujifunza kutengeneza siki wakaiuza mjini. Mmoja anauza mpaka leo. Wa pili ilimshinda, siki haina wateja wa usiku.

Mengine niyapitie upesi. Mvua za El Nino za mwaka 1997 ziliangusha kanisa letu la kwanza la udongo, tukasali chini ya mwembe huu miaka miwili, na kuna wanaosema hatujawahi kusali vizuri kama wakati ule. Sadaka huhesabiwa na watu wawili, na yeye hayumo. Kiwanja kimeandikwa kwa majina ya wadhamini wa kanisa. Jina lake halimo kwenye hati, na wanawe wanalijua hilo tangu wakiwa wadogo. Mahubiri yake ni marefu kupita kiasi. Kuimba hawezi kabisa. Disko matanga, zile dansi za usiku za msibani, alipigana nazo mpaka vijana wakamtungia wimbo wa kumcheka, akaujifunza, akauimba kwenye mazishi yaliyofuata, vibaya mno, na wimbo ukafa siku hiyohiyo.

Katika miaka hiyo yote alilipwa kwa mahindi, mihogo, kuku, mayai, na fedha zikipatikana. Korosho zikipanda bei anakula, zikishuka anafunga pasipo kutangaza mfungo. Nani alijaza pengo? Mama, usiangalie chini. Miaka 38 ya mchungaji wa kijijini ni miaka 38 ya jembe la mkewe. Aliyelima lile shamba la bondeni ni wewe, na wageni wa mchungaji waliokula pale kwenu bila kuuliza unga umetoka wapi ni sisi.

Kuna jambo moja alilofanya ambalo halimo katika daftari lolote, kwa hiyo nitalisema. Kilifi, kaunti yetu, ina aibu yake. Mtu akiota mvi hapa anaanza kuogopa. Wapo wazee wanaopaka nywele rangi nyeusi, si kwa urembo, ila wasije wakaitwa wachawi wakauawa. Na ukichungulia nyuma ya tuhuma hizo, mara nyingi utaona ekari za shamba na watoto wa ndugu wanaozipigia hesabu. Basi mzee mmoja wa kijiji cha pili aliokota karatasi mlangoni kwake: ana siku 7 za kuhama. Hakuwa Mkristo. Hakuwahi kukanyaga hapa, na mchungaji alikuwa amemsema vibaya mara kadhaa kwa sababu ya hirizi zake.

Jioni ile mchungaji alichukua mkeka akaenda kulala barazani kwa yule mzee. Kesho yake tena. Kila jioni alipita katikati ya soko, mkeka begani, saa ambayo watu ni wengi, akisalimia duka kwa duka ili kila mtu aone anaelekea wapi. Alilala kule usiku 16. Siku 7 zikapita, hakuna aliyekuja. Mzee yule alikufa baada ya miaka kadhaa, kitandani kwake, kwa uzee tu. Nilimwuliza mchungaji walizungumza nini usiku wote ule. Akasema, "Tulibishana. Alitaka kujua kwa nini Mungu wangu hanipi godoro." Mama Mchungaji naye aliniambia upande wake: kila alfajiri alipeleka uji wa watu wawili, na hakuna aliyekuwa amemwuliza kama anakubali mumewe akalale huko. Hilo nalo nimelisema, Mama, kama nilivyoahidi.

Ndugu zangu, neno linalofuata nisingependa kulileta siku ya pilau. Lakini huwezi kusimama katika Malindi hii, ukatamka neno mchungaji, ukaliruka.

Aprili 2023 makaburi yalianza kufukuliwa katika msitu wa Shakahola, upande wetu huuhuu wa bara. Miili ikapita 400. Watu waliambiwa na mhubiri wao wafunge mpaka kufa ili wakutane na Yesu, watoto walikuwa wameshaachishwa shule, wagonjwa wameshakatazwa hospitali. Mnakumbuka harufu ya miezi ile, hata kwa wale ambao hawakufika kule. Mnakumbuka magari yakishuka kwenda chumba cha maiti Malindi. Ukijitambulisha kuwa mchungaji ndani ya matatu, aliyekaa karibu nawe anajisogeza. Serikali ikaunda jopo la kuangalia mashirika ya dini, likiongozwa na Mchungaji Mutava Musyimi, ambaye naye aliwahi kuongoza kanisa la Kibaptisti Nairobi. Chifu wetu akazunguka kila kanisa akiuliza: karatasi ziko wapi, viongozi ni nani, fedha zinakwenda wapi.

Alipofika hapa, mzee aliingia ndani akatoka na mkebe wa biskuti. Ndani mna madaftari 11. Waliobatizwa, waliooana, waliozikwa, waliohama, sadaka ya kila Jumapili, hoja zilizopita na zilizoanguka. Chifu, uko hapa. Uliyasoma mpaka ukaletewa chai mara ya pili. Kijana mmoja aliyekuja na chifu akasema kwa utani, "Mzee, hoja zako nyingi zimeanguka." Mzee akamjibu, "Nimezihesabu. Ni 19."

Nilidhani ningeishia hapo. Lakini wiki iliyopita, nikiyapitia madaftari kwa ajili ya siku hii, nilifika ukurasa wa washirika waliohama. Kuna mke na mume na watoto wao, hapa mkononi mwangu, wamepigwa mstari. Walituaga kwa heri, tulidhani. Walisema wamepata kanisa lenye moto, kwetu kumepoa. Pembeni ya majina yao, kwa wino mwingine, ulioandikwa baadaye, pana maneno haya: "Nilikwenda kuwaona mara moja. Ilinipasa kwenda tena."

Nilimrudishia daftari nikamwambia huu ukurasa tuupite, si wa siku ya sherehe. Akasema, "Hoja zangu zilizoanguka utazisoma. Na hii isome."

Nimeisoma.

Mama mzazi wa yule mwanamke ni mshirika wetu. Mchungaji alimpeleka mjini kutoa mate ya vinasaba, wakakaa benchi moja kutwa na watu ambao hawakuwa na la kuzungumza. Machi 2024 miili ya kwanza ilipoanza kukabidhiwa jamaa, wakaenda tena. Wakarudi hivihivi. Anangoja mpaka leo. Kila mwezi mzee anampitia asubuhi wanapanda matatu pamoja kwenda kuuliza, na nimewahi kuwaona stendi ya Malindi saa saba ya mchana wanagawana andazi moja, kimya, kama watu waliooana kwa miaka mingi. Utumishi huo haustaafu leo. Ameniambia Jumanne wanaenda.

Nimelifikiria sana jambo hili, na mimi ni mwalimu, napenda sababu. Watu wakisema waliokwenda msituni hawakuwa na elimu, mzee wetu aliishia darasa la nne. Wakisema ni umaskini, sisi je? Wakisema walikuwa na imani iliyozidi, huyu hapa aliwakwepa mamba, akangoja mwezi, akalala barazani kwa mzee wa hirizi kwa sababu ya imani. Mimi narudi kikaoni kila mara. Narudi kwa hawe aliyekaa akasimama tena. Kule msituni hakukuwa na hawe wa kusimama mara ya pili, na kama alikuwako, hakukuwa na aliyeandika alichosema.

Hata hivyo sitaki mwondoke mkidhani kura ni dawa. Tumewahi kupiga kura za kijinga hapa. Tulikataa choo cha pili kwa miaka 6.

Naona anatazama saa, na saa yenyewe haifanyi kazi, tumemnunulia nyingine lakini hiyo ni baadaye.

Nimalizie na shughuli ya kikao. Mwezi uliopita mchungaji alileta hoja yake ya mwisho. Alitaka asifanyiwe sherehe yoyote, asinunuliwe zawadi, na fedha zote zilizochangwa zinunue tangi la maji la kanisa. Aliieleza vizuri, kwa dakika 40. Hawe hayupo tena, alikwenda zake miaka mingi, lakini mjukuu wake alikuwapo, akasimama. Alisema tangi tutalichanga wakati wa kiangazi kama tunavyochanga siku zote, na kwamba mtu aliyezika wazee wetu wote hawezi kutoka hapa kama aliyefukuzwa. Tukapiga kura. Daftari la 11, ukurasa wa mwisho, hati ileile, imetetemeka kidogo: "Hoja ya mchungaji imeanguka, 12 kwa 67."

Ndiyo maana kuna pilau. Mbuzi wamechinjwa na jirani zetu wa Mambrui, kila mtu ale bila wasiwasi. Akina mama wanaomba tuingie kwa zamu, benchi hazitoshi, watoto watangulie. Nahodha, nakuomba ukae pale mlangoni. Utuhesabie wanaoingia na wanaotoka.